Sikio la Ammar na Pua ya Arfaja: Hukumu ya Kurejesha Sikio Lililokatwa kwa Saratani ya Ngozi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akamjaalia masikio, macho na nyoyo ili apate kushukuru. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na kila aliyeufuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu msomaji, suala tunalolileta mbele yako ni la mtu mmoja, lakini nyuma yake wako wengi. Ni Muislamu mwenye ualbino, mkulima wa korosho katika moja ya vijiji vya Newala au Masasi. Ukingo wa juu wa sikio lake uliota kidonda kisichopona. Alikwenda hospitali, kikakatwa kipande cha nyama kikapimwa, akaambiwa kuwa ni saratani ya ngozi na kwamba sikio, lote au sehemu yake, lazima liondolewe. Daktari akamwambia pia kuwa baada ya kupona anaweza kutengenezewa sikio jingine, ama kwa ngozi na gegedu la mwili wake mwenyewe, ama kwa sikio la bandia. Akarudi kijijini kutaka ushauri, akaambiwa: "Kukata ni dharura, lakini kutengeneza sikio jipya ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu." Akahuzunika. Akaona bora abaki na sikio lake hivyo hivyo kuliko kuishi bila sikio. Nayo saratani haimsubiri mtu.

Hapa ndipo fatwa ya haraka inapoweza kuua. Aliyemzuia asirejeshewe sikio hakukusudia kumzuia asikatwe, lakini matokeo yake yamekuwa hayo. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu kulirejea suala hili katika Qur'ani, katika Sunna, katika historia ya Masahaba na katika maneno ya mafakihi, hasa wa madhehebu ya Imamu Shafi'i ambayo ndiyo yaliyoenea katika nchi zetu.

JUA LA UWANDA WA MAKONDE

Newala iko ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, mahali panapoitwa Shimo la Mungu ambapo mtu husimama akalitazama bonde la mto Ruvuma likiwa mbali chini yake. Masasi iko upande wa magharibi, chini ya uwanda, kati ya milima ya mawe. Maisha ya watu wa pande zote mbili ni shamba. Korosho huokotwa na kuanikwa katika miezi ya jua kali, kabla mvua hazijakolea. Na juu ya uwanda, ambako maji yalikuwa adimu kwa vizazi vingi, wanawake na watoto wamezoea kushuka mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani.

Jua hili ni neema, lakini kwa mwenye ualbino ni mtihani. Ngozi ya mwanadamu ina rangi inayoikinga na mionzi ya jua, na mwenye ualbino amezaliwa akiwa na rangi hiyo kidogo sana au hana kabisa. Mionzi huiunguza ngozi mwaka baada ya mwaka, ikaanza kwa mabaka na magamba, ikafuata na vidonda, mwisho saratani. Sehemu zinazodhurika zaidi ni zile zisizofunikwa: uso, midomo, shingo na masikio. Na hapa tuseme jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: kofia zetu tunazovaa na kanzu hazifuniki masikio. Mwanamke wa Kiislamu ana mtandio wake, lakini mwanamume aliyevaa kofia yake akakaa juani kutwa nzima amekinga utosi tu.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 iliwahesabu watu wenye ualbino 16,477 nchini Tanzania. Si watu wa kutajwa pembeni. Ni waumini wenzetu katika safu za sala. Jirani kabisa na Masasi, wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao mwaka 2010, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni kuingia Bungeni.

Ama tiba, historia yake kusini ni ya safari ndefu. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini wakaweka kituo chao Ndanda mwanzoni mwa karne ya 20. Hospitali za mwanzo zilitokana na misheni hizo. Kule Lulindi, wilayani Masasi, daktari mpasuaji Leader Stirling alianza kazi mwaka 1935, na miaka 40 baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Lakini kwa tiba ya mionzi, mgonjwa wa kusini alilazimika kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa pekee nchini kwa tiba hiyo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na wakati wa masika njia ya kusini ilikatika kabisa. Wangapi walibaki na vidonda vyao nyumbani, Allah ndiye ajuaye. Leo njia ni nyepesi zaidi, na Mtwara imepata Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Tukimzuia mgonjwa leo, hatuna udhuru wa mto uliofurika.

AYA INAYOSOMWA NUSU

Hoja ya wanaokataza ni aya ya 119 ya Suratun-Nisaa, ambamo Shetani anaahidi kuwapoteza waja na kuwaamrisha wabadili maumbile ya Allah. Hoja hii ni nzito, na haifai kuipuuza. Lakini aliye na msahafu na aufungue, aisome aya yote. Kabla ya kutajwa kubadili maumbile, aya inataja kitendo maalumu ambacho Shetani atawaamrisha watu: kuyakata masikio ya wanyama.

Wafasiri wameeleza kuwa Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakimpasua masikio ngamia jike aliyezaa mara kadhaa, wakamwita bahira, wakamwachilia kwa ajili ya masanamu yao, asipandwe wala asikamuliwe. Suratul-Maida, aya ya 103, imebatilisha desturi hiyo. Basi aya inayotolewa hoja dhidi ya mwenye kurejeshewa sikio, yenyewe inalaani ukataji wa sikio zima lisilo na maradhi, kwa ajili ya ushirikina. Anayekata sikio la kiumbe kwa amri ya Shetani yuko upande mmoja, na anayelirejesha sikio lililoharibiwa na maradhi yuko upande mwingine. Vipi hukumu ya wa kwanza ibebeshwe wa pili?

Tena tuangalie ni nani katika zama zetu aliyefanya kama walivyofanya watu wa bahira. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu ilitiwa doa na mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, ambapo viungo vyao vilikatwa na kuuzwa kwa waganga wa kienyeji waliowaahidi watu utajiri. Kukata viungo vya kiumbe kwa kutarajia baraka kutoka kwa asiyekuwa Allah ndiyo Jahiliya yenyewe, na kwa mwanadamu ni dhambi kubwa zaidi kwani imekusanya shirki na kumwaga damu. Khatibu anayetaka kuisoma aya hii juu ya mimbari na awasomee hao. Mgonjwa anayerudi kutoka hospitali hahusiki nayo.

Hoja ya pili ni hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayowalaani wanaochanja ngozi kutia rangi na wanaochonga meno. Hadithi hii ina historia katika uwanda wetu. Mjerumani Karl Weule alipozuru Masasi na Newala mwaka 1906, punde baada ya moto wa Maji Maji, alikuta na kuandika habari za chale za usoni na mwilini, ndonya katika mdomo wa juu wa wanawake, na mapambo makubwa ya masikio. Katika miongo iliyofuata Uislamu ulienea sana katika nchi hizo kwa juhudi za walimu wa vijijini, wakiwemo wafuasi wa twariqa za Qadiriyya na Shadhiliyya, na desturi za ndonya na chale zikafifia kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo si ajabu kwamba masikio ya Waislamu wa huko yamezoea kusikia makatazo ya kubadili umbo.

Lakini hadithi ya Ibn Mas'ud ina sharti ndani yake: imewataja wanaofanya hayo kwa ajili ya kujipamba. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameliona neno hilo akabainisha kuwa lililoharamishwa ni lile linalofanywa kutafuta uzuri, na kwamba anayelihitajia kwa tiba au kwa aibu iliyoko kwenye jino na mfano wake, hapana ubaya. Chale hutiwa kwenye ngozi iliyo nzima ili iwe ngeni. Kurejesha sikio ni kuitoa ngozi iliyojeruhiwa kwenye ugeni na kuirudisha karibu na ilivyoumbwa.

MASAHABA WAWILI

Sasa tuje kwenye historia, kwani Masahaba hawakutuacha bila mfano.

Wa kwanza ni Arfaja bin As'ad (r.a.). Alipoteza pua yake katika vita vya Kulab, wakati wa Jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume (s.a.w.) akamuamuru afanye pua ya dhahabu. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Ndani yake mna mambo matatu. La kwanza: Mtume (s.a.w.) aliona kiungo cha bandia usoni mwa mtu na hakumwambia kuwa amebadili maumbile ya Allah. La pili: hakuishia kukinyamazia, bali alimwelekeza kwenye kilicho bora zaidi baada ya kile cha kwanza kumletea udhia. La tatu: dhahabu, ambayo ni haramu kwa wanaume, iliruhusiwa kwa haja hiyo. Na haja ya Arfaja haikuwa ya kunusuru maisha, kwani alikwisha kuishi bila pua. Ilikuwa ni kuondoa aibu na udhia usoni.

Wa pili ni Ammar bin Yasir (r.a.), mwana wa shahidi wa kwanza katika Uislamu, Bibi Sumayya. Ibn Umar (r.a.) amesimulia kuwa alimwona siku ya Yamama, katika ukhalifa wa Abubakar (r.a.), amesimama juu ya jabali akiwaita Waislamu wasikimbie, na sikio lake limekatwa linaning'inia, naye anapigana kwa nguvu zote. Akaishi bila sikio hilo. Baadaye mtu mmoja alimtukana kwa kilema chake hicho, naye akajibu kuwa aliyemtukana amelitukana lile lililo bora katika masikio yake mawili, kwa kuwa lilipatwa na hayo katika njia ya Allah.

Na Umar bin Khattab (r.a.) alimfanya nini mtu huyu mwenye sikio moja? Mnamo mwaka wa 21 Hijria alimpeleka Kufa kuwa amiri wao, na amiri wa zama zile ndiye aliyekuwa imamu wa watu katika sala. Pamoja naye alimpeleka Abdullah bin Mas'ud kuwa mwalimu na msimamizi wa hazina. Tazama, ndugu msomaji: yule yule aliyepokea hadithi ya laana kwa wanaobadili maumbile kwa kujipamba, alikuwa katika mji ambao amiri wake ana sikio moja. Hakuna aliyesema kuwa uongozi wa Ammar umepungua kwa kupungua sikio lake.

Masahaba hawa wawili wanatupa mizani iliyo sawa. Kwa Arfaja tunajua kuwa kurejesha kiungo kilichopotea kunaruhusiwa, bali Mtume (s.a.w.) mwenyewe alielekeza namna ya kukirejesha. Kwa Ammar tunajua kuwa asiyerejesha hana upungufu wowote mbele ya Allah wala mbele ya watu. Anayemkataza mgonjwa kurejesha sikio amemsahau Arfaja, na anayemcheka au kumtoa katika uimamu kwa kuwa hana sikio amemsahau Ammar. Wapo wanaokosea kwa kufanya kiasi na mnyama wa udhhiya, ambaye sikio likikatwa hatoshelezi katika madhehebu yetu. Hicho ni kiasi kibovu. Mnyama huchinjwa kwa sifa za mwili wake, na mwanadamu hukubaliwa kwa uchamungu wake.

WALIYOYAJUA MATABIBU

Si kweli pia kwamba upasuaji wa masikio ni jambo geni lililozuka Ulaya. Ibn an-Nadim anataja katika al-Fihrist kuwa kitabu cha tabibu wa Kihindi Sushruta kilifasiriwa na tabibu Manka kwa amri ya waziri Yahya bin Khalid al-Barmaki. Na katika kitabu hicho mna mafunzo ya kuunga ndewe ya sikio iliyochanika kwa ngozi ya shavuni. Huko Andalusia, Abul-Qasim az-Zahrawi, aliyefariki mnamo mwaka 1013, aliandika at-Tasrif katika makala 30, na makala ya mwisho ni ya upasuaji. Humo ameweka mlango wa kushona pua, mdomo na sikio vilivyotengana kwa jeraha. Na katika mlango wa saratani ameusia kwamba ikiwa bado ndogo na iko mahali inapoweza kung'olewa yote, ikatwe mapema, ama ikishakuwa kubwa na kongwe, isikaribiwe. Miaka elfu moja imepita, na daktari wa leo angali akimwambia mgonjwa: wahi.

Leo kazi hii ina daraja. Uvimbe ukiwa mdogo, hukatwa kipande cha sikio pamoja na ukingo wa nyama nzima, kisha pande mbili zikashonwa. Ukingo wa sikio ukiliwa zaidi, hutumika njia iliyoandikwa mwaka 1967 na Antia na Buch wa Bombay, ambayo sasa ni Mumbai: ukingo uliobaki husogezwa pamoja na gegedu lake hadi ukafunika pengo. Antia alikuwa mpasuaji aliyewahudumia sana wagonjwa wa ukoma. Sehemu nyingine hufunikwa kwa ngozi iliyopandikizwa kutoka mahali pengine mwilini, na kwa mwenye ualbino ni bora itoke mahali palipofichika na jua. Sikio lote likiondoka, gegedu la ubavuni huchongwa umbo la sikio na kuwekwa chini ya ngozi, njia ambayo Mmarekani Tanzer aliieleza mwaka 1959, nayo huhitaji upasuaji zaidi ya mmoja. Au hutengenezwa sikio la silikoni linalobandikwa au kushikizwa kwenye mfupa. Katika hali zote, kwanza hupatikana uhakika kuwa saratani imekwisha.

Utaratibu huu ni muhimu kwa fakihi. Kuondoa saratani ni kuhifadhi nafsi, na kurejesha sikio ni kukidhi haja. La kwanza halicheleweshwi kwa kusubiri la pili, wala la pili halikatazwi baada ya la kwanza kukamilika.

MANENO YA MAFAKIHI

Sikio lina heshima kubwa katika fiqhi. Limetajwa katika aya ya kisasi, Suratul-Maida aya ya 45, na mafakihi walio wengi wamesema kuwa masikio mawili yana diya kamili na moja nusu yake. Wakatofautisha baina ya sikio na kusikia: mtu akikatwa masikio na kusikia kukaondoka, ni diya mbili. Walielewa kuwa usikivu uko ndani, na kwamba hili la nje lina manufaa yake: kukusanya sauti na kuzuia wadudu wasiingie. Sisi tunaongeza manufaa ya tatu: kushikilia miwani. Mwenye ualbino aghalabu ana uoni hafifu na huhitaji miwani ili asome. Asiye na sikio miwani yake haikai. Basi kumrejeshea sikio kunaweza kuwa ndiko kumrejeshea msahafu wake, na anayeliita jambo hili pambo hajamwona mtu huyo akisoma.

Mafakihi walijadili pia sikio lililokatwa kisha likaunganishwa. Imamu Shafi'i katika al-Umm amesema kuwa aliyekatwa sikio akalibandika likashika, haki yake ya kisasi haianguki. Baadhi ya wanazuoni walilitia shaka kwa upande wa twahara, kwa hadithi isemayo kuwa kilichokatwa kwa mnyama aliye hai ni mzoga. Imamu Nawawi katika al-Majmu' amehakiki kuwa kauli sahihi ni kwamba kiungo cha mwanadamu ni twahara, kwa kuwa mwanadamu ametukuzwa, hai na maiti. Kwa hiyo ngozi ya pajani au gegedu la ubavuni likihamishiwa kwenye sikio, halimnajisi mtu wala halibatilishi sala yake.

Katika zama zetu, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa yenye makao yake Jeddah imetoa maamuzi yanayotosheleza. Katika azimio namba 26 la mwaka 1988 ilijuzisha kuhamisha kiungo kutoka sehemu moja ya mwili wa mtu kwenda sehemu nyingine ya mwili wake, kwa sharti kwamba manufaa yazidi madhara, na iwe ni kufidia kilichopotea, kurejesha umbo au kazi yake, au kuondoa aibu inayomuudhi mtu mwilini au moyoni. Katika azimio namba 173, lililopitishwa Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, ilijuzisha upasuaji wa kurekebisha kasoro zilizoletwa na ajali, kuungua na maradhi, na ikakataza ule wa kufuata matamanio tu.

MASUALA YA IBADA

Kwa manufaa ya maimamu, tunayataja kwa ufupi, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi'i.

1. Udhu baada ya upasuaji. Kupaka masikio maji ni sunna, si fardhi. Bandeji ikiwa juu ya sikio peke yake, udhu wake unasihi bila ya kuligusa. Bandeji ikishuka usoni, ataosha palipo pazima, atapaka maji juu ya bandeji na atatayamamu.

2. Josho la janaba. Hapa maji hutakiwa kuenea mwili wote, basi mahali pa kidonda patafuata hukumu hiyo hiyo ya bandeji. Kidonda kisilowanishwe kwa ushupavu, kwani kuna hadithi ya mtu aliyekuwa na jeraha, akalazimishwa kuoga, akafa, na Mtume (s.a.w.) akawakemea vikali waliompa fatwa hiyo.

3. Sikio la bandia. Katika udhu halimlazimu kulivua. Katika josho la wajibu atalivua maji yafike chini yake, ikiwa halimdhuru. Ama sikio lililojengwa kwa ngozi yake mwenyewe, hilo ni sehemu ya mwili wake na litaoshwa kama mwili.

4. Mafuta ya kukinga jua. Mafuta haya, ambayo tangu miaka ya 2010 hutengenezwa pia nchini, katika hospitali ya KCMC Moshi, ni vema yapakwe baada ya udhu. Yakiacha tabaka linalozuia maji yataondolewa. Yakibaki mng'aro tu hayadhuru.

5. Kofia pana. Hakuna katazo la sharia kuvaa kofia yenye ukingo mpana wa kufunika masikio. Wakati wa kusujudu aivue au airudishe nyuma, kwa kuwa paji la uso hutakiwa kugusa chini bila ya kizuizi.

KIPANDE KILICHOKATWA

Limebaki jambo moja ambalo katika nchi yetu ni zito kuliko mahali pengine. Kiungo kilichokatwa kwa mtu aliye hai hakisaliwi, lakini ni sunna kukivingirisha kitambaa na kukizika kwa heshima. Kwa mwenye ualbino sunna hii imekuwa ngao. Nchi ambayo watu wamewahi kuuziana viungo vya wenzao, haifai sikio la Muislamu litoke chumba cha upasuaji na kupotea njiani. Baada ya vipimo kumalizika, jamaa na waulizie kipande hicho hospitalini, wahakikishe kuwa kimezikwa au kimeteketezwa kwa utaratibu wa hospitali. Imamu wa mtaa anapoombwa kusaidia kuzika kipande hicho, asione ni jambo dogo wala la aibu.

HITIMISHO

Tumeona kuwa aya ya kubadili maumbile inawahusu wakataji wa Jahiliya na walioiga mwenendo wao, haimhusu mgonjwa. Tumeona kuwa Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Arfaja kwenye pua iliyo bora, na kwamba Ammar aliwaongoza watu wa Kufa akiwa na sikio moja. Tumeona kuwa mafakihi wa kale na wa leo hawaoni ubaya katika kurejesha kilichoharibiwa na maradhi.

Tunalowaomba maimamu wa Masasi, Newala na kwingineko ni mambo mepesi. Mwenye ualbino apewe nafasi ya kivulini katika sala ya Idi na katika madrasa za chini ya miti. Kidonda kisichopona sikioni, mdomoni au shingoni kisemwe na hospitali iendewe mapema. Zaka na sadaka za msikiti zikumbuke nauli ya mgonjwa anayesafiri kutafuta tiba. Na mtu akija kuuliza kama anaruhusiwa kurejeshewa sikio lake, asijibiwe kwa nusu ya aya.

Mtoto wa Kiislamu anapozaliwa, huadhiniwa sikioni kabla hajalijua jina lake. Kiungo kilichotangulia kupokea jina la Allah kinastahiki kutunzwa kinapokuwa kizima, kutibiwa kinapougua, na mwenyewe kuheshimiwa kinapokuwa hakipo.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.